Pikipiki Iliyokuwa Ikirefuka Njiani

Wanangu mnaoshika spana leo, na ninyi mnaotafuta pikipiki ya kwanza huku Mungu amewapa miguu mifupi, nianze na jambo ambalo muuzaji hatawaambia. Usikisifu kimo cha kiti kabla hujatazama upana wake. Kiti kipana hula mguu. Utakuta pikipiki mbili zenye kimo kilekile. Kwenye moja mtu mfupi anakanyaga ardhi vizuri, kwenye nyingine anaigusa kwa ncha za vidole kama anayevuka tope na viatu vya ibada. Tofauti iko mapajani. Kiti kilichobanwa kwa mbele kinayaacha mapaja yashuke wima. Kipana kinayatanua, na mguu uliotanuliwa haufiki chini hata ungekuwa wa twiga.

Halafu msiogopeshwe na wanaosema lazima miguu yote miwili ifike. Tangu lini? Ukisimama, mguu wa kushoto ndio unaoshuka, wa kulia unabaki kwenye breki ya nyuma. Sogeza makalio kidogo upande wa kushoto, ushushe mguu mmoja ukanyage kwa unyayo mzima. Mguu mmoja uliokanyaga sawasawa unashinda miwili inayopapasa. Lakini kabla hujatoa fedha, izime injini, uisukume kwa mikono, uizungushe uwanjani mara mbili. Ilaze kidogo, uinyanyue. Pikipiki usiyoweza kuisukuma ikiwa imezimwa itakutawala ikiwa imewashwa.

Haya nimeyasema kwa watu wengi hapa Tabora, kwa zaidi ya miaka thelathini. Kazi nimeiacha kwa sababu ya magoti na macho. Kuichoka sijaichoka. Asubuhi nyingine naamka mkono wa kulia umejikunja kama umeshika spana namba kumi, na nakaa kitandani nikiutazama, nauonea huruma.

Ufundi nilifundishwa na Mzee Nassoro. Ukoo wake ulikuja zamani kutoka Omani kwa biashara, ukabaki, na yeye akazaliwa hapahapa akiongea Kinyamwezi vizuri kuliko mimi niliyezaliwa kijijini Ntalikwa. Alianza na baiskeli, zilipokuja pikipiki akaingia nazo. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko, mlango wake wa mbao umechongwa nakshi, na ndani ya mlango huo wa kifahari kulikuwa na mafuta machafu, vyuma na sisi.

Mzee alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wote waliopita mikononi mwake waliirithi. Kwenye kona ya karakana lilikaa gunia la mchanga, kilo hamsini kamili. Mtu akileta pikipiki arekebishiwe kimo, kwanza tunafunga lile gunia kwenye kerieri, ndipo mwenyewe anapanda na tunapima miguu. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kama nimeuliza kwa nini tunakula.

"Tangu enzi za wapagazi," akasema, "umemwona nani katika nchi hii anasafiri mkono mtupu?"

Ni kweli. Hapa pikipiki hubeba mkaa, mpunga, asali, tumbaku, mbuzi, mgonjwa. Ukiipima ikiwa tupu unapima pikipiki ambayo haipo. Basi nami nikawa mtu wa gunia, na nililiamini kama ninavyoamini rula.

Siwaambii haya ili mdhani sikukosea kwingine. Niliwahi kumshushia pikipiki mwalimu mmoja wa Kitete, mfupi, mtanashati, mtu wa tai. Nikaishusha vizuri mbele na nyuma, nikamkabidhi kwa fahari. Nikasahau stendi ya pembeni. Pikipiki ikishuka na stendi ikabaki na urefu wake, haiegemei tena. Inasimama wima kama askari wa gwaride, na upepo kidogo tu unaisukuma upande wa pili. Mwalimu aliiegesha nje ya ofisi ya mkuu wa shule. Ikaangukia ya mkuu wa shule. Ya mkuu wa shule ikaangukia ya mhasibu. Alikuja kwangu bila tai. Kwa hiyo ukishusha pikipiki, kata stendi siku hiyohiyo, uichomelee, uijaribu kwenye ardhi laini. Siku hiyohiyo.

Sasa nifike kwa Modesta, maana ndiye aliyenifundisha somo kubwa kuliko yote, na kila nikijaribu kueleza ufundi huu bila kumtaja, maelezo yanakuwa na tundu.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye duka la jumla, Bi Zuwena, aliyekuwa akipeleka bidhaa kwenye maduka madogo ya vijijini. Kila Jumanne na Ijumaa pikipiki yake ilitoka na sukari, chumvi na sabuni, ikafuata ile njia ya zamani ya kupitia Kwihara, ikaenda mpaka vijiji vya mbele na kurudi. Mwendeshaji alikuwa Kulwa, kijana mrefu kama nguzo ya umeme, mzuri wa maneno, mbaya wa mahesabu. Bi Zuwena alipochoka naye akamweka stoo, na njia akampa Modesta, aliyekuwa akiuza dukani. Ilikuwa mara ya kwanza mwanamke kupewa njia ile. Akaamua na kununua pikipiki mpya, wakaniita niwachagulie.

Modesta alinifika chini ya bega. Alikuwa na miaka kama thelathini na minne, alikwisha kuachika, na jambo hilo alilitaja siku ya kwanza bila kuinamisha macho, kama mtu anayetaja kijiji alikotoka. Mimi nilikuwa na arobaini na tano, mgane kwa miaka mitano, mwimba besi wa kwaya ya Moraviani. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikahisi nimezeeka ghafla.

Kulwa naye alikuwa amekuja kushuhudia. Alimtazama Modesta akipanda, akamuuliza kama ngazi ameiacha nyumbani.

"Na wewe mrefu," Modesta akamjibu bila kugeuka, "huko juu umewahi kuokota nini cha maana?"

Mzee Nassoro, ambaye wakati huo alikuwa hafanyi kazi tena ila anakuja kukaa, alicheka mpaka kofia ikamteleza.

Tulichagua nyeusi, nyepesi, yenye kiti chembamba. Nikafanya yote niliyoyajua. Shokapu za nyuma zina pete yenye vidato chini ya spring. Nikaishusha pete kidato kimoja ili mkia ukae chini. Nikasogeza mkono wa klachi na wa breki karibu na usukani, kwa sababu mtu mfupi mara nyingi ana vidole vifupi pia, na wengi hulisahau hilo. Kisha nikafunga gunia, akapanda, nikachuchumaa kutazama. Unyayo wa kushoto ulilala chini wote. Nikalipiga gunia kofi la shukrani, nikamwambia Modesta nenda.

Jumanne ya pili alirudi kwa miguu, anaisukuma. Kioo kimoja hakipo, mkono wa breki umepinda, kiwiko kimechubuka. Alikuwa anarudi, mbele kidogo ya Kwihara, ng'ombe wakakata njia. Akasimama, akashusha mguu, mguu ukakuta hewa. Pikipiki ikaenda chini taratibu kama ng'ombe anayelala, naye akaenda nayo. Wanawake waliokuwa wakipalilia karanga ndio waliomsaidia kuinyanyua.

Bi Zuwena alifika kabla sijamaliza kusikiliza. Hakupaza sauti. Alimpa pole, akamkagua kiwiko, akamfuta vumbi begani. Halafu akasema lililomleta.

"Modesta mwanangu, leo umeanguka huna kitu. Siku ukianguka na sukari yangu kwenye maji, nitakuteteaje? Ukianguka tena, Kulwa anarudi njiani na wewe unarudi kaunta."

Modesta aliitikia ndiyo mama. Baadaye aliniambia kwamba kaunta si mbaya, ila alikuwa amesimama pale miaka tisa akitazama mlango. Wiki mbili za njia ile zilikuwa zimemwonyesha upande wa pili wa mlango.

Mimi nilifanya kosa ambalo mafundi hulifanya tangu dunia iumbwe. Nikamwambia alikanyaga vibaya. Nikafunga gunia tena, nikampandisha, unyayo ukalala chini. Nikamwonyesha: si unaona?

"Fundi," akasema, "asubuhi miguu yangu inafika. Jioni haifiki. Mimi sipungui kimo mchana."

Mzee Nassoro akawaza kwa sauti kwamba labda ni uchovu, mtu akichoka hujikunja. Modesta akamwambia kwa heshima kwamba Mzee, nikijikunja mgongo, miguu inahusikaje? Usingizi wangu wa usiku ule haukuwa mzuri.

Ijumaa nikafunga karakana, nikachukua pikipiki yangu, nikamfuata. Vijana, hili lishikeni: kama mteja anasema jambo na chombo chako cha kupimia kinasema jingine, usibishane naye karakanani. Nenda kule mambo yanakoharibikia.

Alitoka na mfuko mzima wa sukari kwenye kerieri, juu yake katoni za sabuni. Duka la kwanza aliposimama, kisigino kilikanyaga. Akateremsha sukari kiasi, chumvi, akaandikiana na mwenye duka. Duka la pili, kisigino kilikuwa kimenyanyuka kidogo, nikadhani ni ardhi. Duka la tatu alisimama kwa nusu ya unyayo. Pale nikaanza kupata joto usoni. Duka la mwisho aliposhusha katoni ya mwisho na kupanda tena, kiti kilikuwa kimepanda vidole vitatu, naye alikuwa ananing'inia kwa ncha ya kidole gumba, akinitazama.

Duka kwa duka mzigo ulipungua, spring zikanyanyuka, na pikipiki ikawa inarefuka. Watu wetu wote niliowapima kwa gunia walikuwa wakienda shambani mikono mitupu na kurudi na mzigo, au wamebeba kwenda na kurudi, na karibu wote walikuwa wanaume wenye miguu ya akiba. Vidole vitatu wasingevihisi. Yeye alikuwa kinyume chao. Alitoka mzito akarudi mwepesi, na mimi nilikuwa nimempimia asubuhi tu.

Nikamwomba radhi pale pale, mbele ya mwenye duka. Modesta alinunua karanga za kukaanga, akanimiminia nusu kiganjani, tukazila tumesimama kando ya pikipiki zetu. Aliniambia wanaume wengi wamewahi kumwambia amekosea yeye, lakini hajawahi kuona hata mmoja akifunga biashara na kuja kuhakikisha. Nilitafuna karanga. Kurudi nilimtangulia, na kila penye mchanga nilisimama mahali pa juu, pagumu, ili naye apate pa kukanyaga. Nakumbuka harufu ya ile njia mvua ikiwa karibu, na mlio wa injini yake nyuma yangu, mwembamba, sawasawa. Kama ningeruhusiwa kurudishiwa saa moja tu ya maisha yangu ya kazi, ningeomba ile.

Nilimweleza Mzee Nassoro jioni hiyo. Niliogopa, maana lile gunia lilikuwa heshima yake. Akalitazama pale konani.

"Basi miaka yote hii nimewapima watu nusu ya safari," akasema.

Kulwa, aliyekuwa amekuja kuchungulia kama njia imerudi kwake, akashauri Modesta awe anarudi na gunia la mawe. Mzee akamfukuza kwa bakora, ingawa kwa miguu yake ile asingemfikia.

Sasa sikilizeni tulivyotengeneza, kwa sababu tatizo hili lina mtego. Ukiishusha pikipiki mpaka imfae mtu ikiwa tupu, ukiipakia inazama mno. Madigadi inasugua tairi, eksozi inalamba mawe. Dawa ni kupunguza ile tofauti kati ya mzito na mwepesi. Nilitafuta kwenye vyuma vya zamani spring ngumu zaidi za nyuma lakini fupi kidogo: ngumu ili isizame ikipakiwa, fupi ili isisimame juu ikiwa tupu. Mzigo nikauondoa juu ya kerieri, nikamshoneshea mikoba miwili ya turubai ining'inie pembeni, chini na mbele kadiri inavyowezekana, kwa sababu mzigo ulio nyuma kabisa ndio unaoukalia mkia. Mbele nikalegeza vibano, nikapandisha mabomba ya shokapu upana wa kidole kimoja, yote mawili sawa kabisa. Yakipishana, usukani utakuwa na mawazo yake. Kisha nikaikandamiza kwa uzito wangu wote kuona kama tairi linafika kwenye madigadi. Nikaacha nafasi zaidi ya nilivyofikiri inatosha, maana udongo mweusi wa mbuga ukilowa hujaa pale na kulifunga tairi.

Kiti nilikiacha cha mwisho. Watu hukata sponji katikati, mtu anabaki anakalia chuma. Usikate katikati. Kata kingo za mbele, pale mapaja yanaposhukia, kidogo kidogo, umpandishe, umteremshe, ukate tena. Kazi ya namna hii inataka mwenyewe awepo. Alikuwepo Jumamosi nzima. Alipanda na kuteremka labda mara ishirini, na katikati ya mara hizo nikagundua kwamba asubuhi ile hakuniamkia shikamoo. Alisema, umeamkaje, Fundi. Tangu siku hiyo hakuirudia tena shikamoo yake, nami sikumkumbusha.

Ilipofika saa kumi na moja ilibaki stendi tu. Ningeweza kuikata kwa dakika ishirini. Nikamwambia aje Jumatatu nimalizie, kisha aje tena Alhamisi tukaze cheni, maana cheni lazima itazamwe shokapu zikibadilishwa. Cheni ningeweza kuitazama palepale. Nawaambia hili kwa sababu mtaonja kishawishi hiki. Kuna mteja utakayetaka pikipiki yake isipone haraka.

Nikaenda nyumbani nikijiona mjanja. Jumapili kanisani nilikuwa naimba, nikamfikiria yule mwalimu wa Kitete na stendi yake, halafu nikajua kwamba Jumatatu nayo ningeitafutia kisingizio, nikamfikiria Modesta asubuhi ya Jumanne, pikipiki imesimama wima na sukari pembeni, Bi Zuwena anatazama. Baada ya ibada nikaenda karakanani na suruali ya kanisani. Nikakata stendi, nikachomelea, nikakaza cheni, nikapaka mafuta nyaya za klachi, nikapitia kila nati. Jumatatu nilimkabidhi ikiwa kamili.

Aliijaribu tupu, unyayo chini. Akaijaribu na gunia, unyayo chini. Akaniuliza kama basi hakuna haja ya kuja Alhamisi. Nikamwambia hakuna, mpaka siku ya kubadilisha mafuta ya injini.

Hakuanguka tena. Masika yale alipita kwenye matope ambayo Kulwa mwenyewe alikiri angeyazunguka. Kwangu alikuja kila mafuta yalipofika muda wake, na mafuta huchukua wiki nyingi, wanangu. Nilijifunza kuhesabu wiki kwa mafuta. Alikuja, tukaongea habari za njia, za maduka, za mama mmoja aliyekuwa akimwekea viazi. Nikamwaga mafuta machafu, nikatia mapya, nikafunga nati. Kila mara nilikuwa na maneno tayari, na kila mara niliyaweka mpaka mafuta mengine.

Baada ya mwaka na kitu Bi Zuwena akafungua duka Sikonge. Alihitaji mtu wa kulisimamia, anayejua njia na anayeaminiwa na vijiji, na hakutafuta mbali. Modesta alikuja kuniaga asubuhi moja, mizigo yake kwenye ile mikoba ya turubai. Hakuzima injini. Alisimama mbele ya mlango wa nakshi, unyayo wa kushoto umelala chini wote, na mimi nikatoka nikiifuta mikono ambayo haikuwa na mafuta.

Nilizunguka pikipiki nzima. Niligusa cheni, nikabonyeza breki, nikatikisa usukani. Nilikuwa natafuta kitu, chochote, cha kumchelewesha. Kila nati ilikuwa mahali pake. Nilikuwa nimeitengeneza vizuri.

"Fundi," akasema, "huna la kuniambia kabla sijaenda?"

Mzee Nassoro alikuwa amekaa ndani, na niliona kofia yake ikigeukia upande mwingine, kwa adabu, ili nipate nafasi.

"Cheni," nikasema. "Uikaze kila baada ya wiki mbili. Barabara ya Sikonge ina mchanga."

Injini ilikuwa inanguruma polepole, haina haraka, ningeweza kusema neno jingine hata matatu.

"Nitaikaza," akasema.

Akanyanyua mguu bila kuutazama, kama mtu anayejua ardhi iko wapi, akaondoka.

Nilijenga baadaye kando ya barabara hiyo ya Sikonge. Watu huniuliza kwa nini huku, penye vumbi, wakati nilikuwa na kiwanja kizuri Ntalikwa. Nawaambia pana maji. Jioni nakaa kibarazani, macho hayaoni namba za pikipiki tena, lakini masikio yangu bado ni ya fundi. Cheni iliyolegea ikipita naijua, inapiga chuma kama meno ya mtu mwenye baridi. Zinapita nyingi za namna hiyo siku hizi. Lakini ikija inayoenda kimya, laini, imekazwa na mtu anayejali, naacha ninachofanya, na nasimama mpaka mlio wake uishe.